Wakuu, zamani mlikuwa mnajisajili vipi makongamano ya kitaaluma?

KijanaWaSaiti: Wakuu habari, mi ni injinia mchanga, juzi nimejisajili kongamano la Arusha nikiwa kwenye daladala, nimejaza fomu kwa simu, kontro namba ikaja hapohapo nikalipa kabla sijashuka. Bosi akacheka, eti enzi zao ilikuwa kazi ya mwezi mzima. Kweli au ananipiga fiksi?

MzeeWaMasijala: Hakupigi fiksi mdogo wangu. Miaka ya 90 mwaliko unakuja kwa posta, una jina la mkurugenzi sio lako, unaingia masijala kwenye mafaili, unapanda juu kwa wakubwa unakaa wee, ukishuka umeandikwa pembeni "fulani ahudhurie" na huyo fulani ni yuleyule wa kila mwaka. Wengine tunaona tu begi la kitambaa lenye nembo ndo tunajua kumbe jamaa alikuwa AICC, kile kituo cha mikutano cha Arusha. Ukibahatika fomu unajaza kwa kalamu, inaenda kwa faksi, unapiga simu wanakwambia ukurasa wa pili hausomeki. Malipo ni hundi ya ofisi au unaenda na keshi mlangoni wanakuandika kwenye daftari. Hiyo kontro namba ni ya juzi tu, GePG, mfumo wa malipo wa serikali unaozitoa, imeanza 2017, kabla ya hapo ulikuwa unatembea na slipu ya benki kama hirizi.

BiHesabu: 😂😂 begi! Ila tusidanganyane, kilichobadilika ni fomu tu. Dokezo la kuomba ruhusa lipo palepale, masurufu, yaani hela ya safari ya ofisi, yapo palepale, kibali kinatoka bei ya kuwahi imeshapita na mfumo haubembelezeki kama yule dada wa mlangoni.

MzeeWaMasijala: Hapana Bi Hesabu, sikubaliani. Leo linki inazagaa kwenye magrupu ya WhatsApp, fundi sanifu wa wilayani anaiona siku moja na mkurugenzi. Zamani hata kujua lipo ilikuwa siri ya wakubwa.

Otis_Nai: Huku Nairobi tangu korona 2020 kuna wale wanalipia tu ya Zoom, ni bei nafuu na pointi za CPD, zile za kujiendeleza kitaaluma, wanapata, kamera imezimwa mtu yuko soko anabeba sukuma wiki lol

KijanaWaSaiti: Asanteni. Sasa nimelipa hela yangu na ruhusa sijaomba bado, ofisi itanirudishia kweli?

BiHesabu: Uwii. Dokezo likiwa na tarehe ya baada ya risiti mhasibu anakurudishia karatasi zako, sio hela. Kaongee na bosi leo kabla hajaondoka.