Kusahihisha tahajia katika maelezo ya msimbo wa kerneli: je, ni mchango unaofaa kutumwa?

kalamu_ya_msimbo ameuliza:

Ndugu wanajukwaa,

Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma msimbo chanzo wa kerneli ya Linux (kiini cha mfumo endeshi huo) ili nielewe namna viendeshi vya kadi za mtandao vinavyofanya kazi, na katika kusoma huko nimekutana na makosa mengi ya tahajia ndani ya maelezo (comments) yaliyowekwa juu ya funksheni. Naona "recieve" mahali pa "receive", "occured" mahali pa "occurred", na kwingine neno "the" limeandikwa mara mbili mfululizo. Najua kwamba kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, huyaruka maelezo yote, hivyo makosa haya hayabadilishi utendaji wa mashine hata kidogo, lakini yananikera, hasa pale neno moja lililokosewa linaponilazimu kurudia sentensi nzima ndipo niielewe.

Naomba kujua kama wasimamizi wa kerneli hupokea viraka (patches, yaani mabadiliko ya msimbo yanayotumwa kwa barua pepe) vya namna hii au huviona kuwa usumbufu. Na kama hupokea, ni afadhali nipitishe programu ya kukagua tahajia kwenye folda nzima ya viendeshi kisha nitume kiraka kimoja kikubwa, au nitume kidogo kidogo? Nia yangu ni kuanza kuchangia, ila nisingependa mchango wangu wa kwanza uwe mzigo kwa wengine.

nanga amejibu:

Hupokelewa, na kerneli yenyewe imekuandalia vifaa vya kazi hiyo. Programu ya checkpatch.pl, ambayo kila mchangiaji hutakiwa kuipitisha kabla ya kutuma kiraka, husoma faili liitwalo spelling.txt lililomo kwenye folda ya scripts. Kila mstari wa faili hilo una kosa, kisha vistari viwili vya wima, kisha neno sahihi, kwa mfano recieve||receive. Ukitaka ikague faili lililokwisha kuwamo kwenye kerneli badala ya kiraka, tumia -f pamoja na --strict, la sivyo makosa ya tahajia hayataonyeshwa katika faili nyingi. Iwapo utagundua kosa linalojirudia sehemu nyingi na halimo kwenye orodha hiyo, kuliongeza humo kuna faida kubwa kuliko kulisahihisha mara moja, kwa sababu litawazuia wengine wasilirudie.

Hata hivyo, usikubali pendekezo lolote la programu bila kulitazama kwa macho yako. Programu haijui kwamba herufi fulani fupi ni jina la rejista (sehemu ndogo ya kumbukumbu ndani ya chipu) kama lilivyoandikwa katika kijitabu cha mtengenezaji wa chipu, wala haijui kwamba "colour" na "color" yote mawili ni sahihi na hayahitaji kuguswa.

mhakiki_mzee amejibu:

Ndugu kalamu_ya_msimbo, swali lako la pili ndilo zito, na nitakujibu kwa upande wa sisi tunaosoma viraka vya watu.

Kiraka cha herufi moja hakiji bure. Lazima mtu akisome, akijaribu kama kinaingia vizuri, akiweke kwenye tawi lake (nakala yake ya msimbo), na baadaye akipeleke kwa msimamizi wa juu yake. Gharama iliyo kubwa zaidi haionekani siku hiyo. Git, programu inayotunza historia ya msimbo, inapoweka kiraka hutazama mistari michache iliyo juu na chini ya mabadiliko, kwa kawaida mitatu kila upande, ili ijue mahali panapohusika. Matawi ya matoleo imara, yaani matoleo yaliyokwisha kutoka ambayo huendelea kupewa marekebisho tu, hayapokei masahihisho ya tahajia. Kanuni zake zinayataja waziwazi kuwa miongoni mwa yasiyokubalika. Sasa chukulia kwamba umesahihisha maelezo yaliyo mstari mmoja juu ya msimbo fulani katika kerneli kuu, na miezi kadhaa baadaye ikagunduliwa hitilafu ya usalama mahali hapohapo. Kiraka cha kuiziba kitaandikwa juu ya maelezo mapya, lakini matoleo ya zamani bado yana maelezo ya awali, hivyo kitagoma kuingia na mtu atalazimika kukirekebisha kwa mkono, pengine akiwa katika haraka. Zidisha hali hiyo kwa mamia ya faili yaliyoguswa na kiraka kimoja kikubwa, utaelewa kwa nini viraka vya folda nzima huwachosha watu.

Hiyo si sababu ya kuacha. Ni sababu ya kuchagua. Anza na maelezo yanayofunguliwa kwa /** kwa kuwa hayo hutolewa na kuwa kurasa za nyaraka ambazo watu husoma bila kufungua msimbo. Ndani yake, jina la kigezo linalofuata alama ya @ likikosewa, zana ya kutengeneza nyaraka hutoa onyo kwamba maelezo hayalingani na funksheni, na kiraka cha kuondoa onyo hilo hakuna msimamizi atakayekiona kuwa cha upuuzi.

Kisha yapo makosa ambayo kwangu ndiyo yanayostahili jasho lako, nayo hayakamatwi na programu yoyote ya tahajia. Tazama maelezo yanayosema "the lock is now held here" ilhali mwandishi alikusudia "not held". Maneno yote mawili yameandikwa sawasawa, lakini atakayeyaamini maelezo hayo ataita funksheni akidhani kufuli (kinachozuia sehemu mbili za msimbo kugusa data moja kwa wakati mmoja) imekwisha kushikwa, naye atakuwa ameingiza hitilafu ambayo huenda isionekane mpaka mashine iwe na kazi nyingi. Kosa kama hilo hugunduliwa na mtu anayesoma maelezo pamoja na msimbo ulio chini yake, kama unavyofanya wewe sasa.

nanga amejibu:

Niongeze upande wa utaratibu. Usichanganye mifumo midogo miwili katika kiraka kimoja, get_maintainer.pl itakuambia msimamizi wa kila faili ni nani. Barua iwe ya maandishi matupu, na mwishoni iwe na mstari wa Signed-off-by, ambao umetumika tangu mwaka 2004 kuthibitisha kwamba una haki ya kutoa kazi hiyo.

Kabla ya kutuma, kompaili faili hilo kabla na baada ya sahihisho, kisha linganisha faili mbili za .o (matokeo ya kompaila) zilizopatikana. Kama umegusa maelezo tu zinapaswa kufanana kabisa, mradi usiongeze wala kupunguza mistari, kwa kuwa makro (vifupisho vya msimbo) nyingi za maonyo huhifadhi namba ya mstari. Zikitofautiana, rudi ukatazame umegusa nini.

Ujumbe unaochapishwa kwenye kumbukumbu za mfumo ni jambo jingine, kwani zipo skripti zinazoutafuta kama ulivyo. Majina yanayotumiwa na programu za nje ndiyo usiyaguse kamwe: mwito wa creat, ambao programu huutumia kuunda faili, umekosa herufi yake ya mwisho tangu enzi za Unix za mwanzo, na utabaki hivyo.

kalamu_ya_msimbo amejibu:

Nawashukuru nyote kwa majibu ya kina. Nimeamua kubaki na kiendeshi kimoja ninachokisoma. Baada ya kupata ushauri wenu nimekipitia upya, na nimeona mahali ambapo maelezo yanasema foleni "is now empty", lakini mstari unaofuata unachukua pakiti kutoka kwenye foleni hiyohiyo bila kukagua kwanza. Je, hili niliweke pamoja na masahihisho ya tahajia?

mhakiki_mzee amejibu:

Hapana, lipeleke peke yake. Hakikisha kwanza kama kilichokosewa ni maelezo au ni msimbo, kwa kufuatilia kila mahali funksheni hiyo inapoitwa na kuona kama foleni inaweza kufika hapo ikiwa tupu. Ikiwa haiwezi, sahihisha maelezo, na katika ujumbe wa kiraka utaje ni waitaji gani waliokuthibitishia. Ikiwa inaweza, basi umepata hitilafu halisi, na masahihisho ya tahajia yangoje mpaka hiyo ishughulikiwe.