Familia ya Kirumba na Kisesa

Shangazi Kulwa, saa 1:05 usiku
Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Kama mlivyosikia, Neema amepunguzwa kazini, naye ameamua kuchora vielelezo vya vitabu kwa kujitegemea. Naomba kila mmoja atoe shilingi 50,000 kabla ya Jumamosi, ili tumnunulie kishikwambi cha kuchorea na kumlipia kodi ya fremu ya duka pale Makoroboi mjini Mwanza, kwa kuwa nimekwisha kuzungumza na mwenye nyumba.

Shangazi Kulwa, saa 2:20
Naona mnasoma tu.

Mjomba wa Nansio, saa 2:31
Nitachangia, kwa sharti kwamba anichore nikiwa nimebeba sangara mkubwa kuliko yule wa shemeji.

Neema, saa 2:40
Shikamooni wazazi wangu, nawashukuru sana. Fremu siihitaji. Wachapishaji hunitumia andiko kwa barua pepe, nami huwarudishia rasimu za penseli, na wakizikubali ndipo ninapotia rangi. Hakuna hata mmoja atakayepita Makoroboi. Kilichonikwamisha ni kishikwambi, maana nilichokuwa nikitumia kilikuwa mali ya ofisi na nimekirudisha pamoja na kalamu yake.

Shangazi Kulwa, saa 2:43
Biashara isiyo na kibao mlangoni watu wataijuaje? Mwenye nyumba anasubiri jibu.

Kaka Deus, saa 2:58
Je, Neema amefuatilia fao la kukosa ajira kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF? Mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake, hulipwa theluthi ya mshahara kwa miezi 6. Aidha, achukue namba ya mlipa kodi TRA, ambayo hutolewa bure, kwa sababu mashirika mengi hayalipi ankara isiyo na namba hiyo.

Neema, saa 3:04
Fomu nimepeleka, kaka, na namba ninayo. Nimepata pia kitabu cha watoto cha kurasa 24 kuhusu wavuvi wa dagaa, lakini mteja anataka kunilipa kitabu kitakapouzwa. Nimemwandikia kwamba nusu ya malipo hutangulia, na kwamba kila picha hurekebishwa mara mbili tu, ya tatu ina bei yake. Hajajibu. Andiko lenyewe linasema dagaa huvuliwa mchana. Mimi nimechora taa zikielea juu ya maji usiku usio na mbalamwezi.

Mjomba wa Nansio, saa 3:06
Mwandishi huyo aletwe Ukerewe alale mtumbwini usiku mmoja.

Mama Bahati, saa 3:10
Hongera, mwanangu. Kwa kuwa sasa una nafasi, nitengenezee kadi za sendofu ya Bahati, ni kazi ndogo tu.

Baba Mdogo Doto, saa 3:15
Kabla sijatoa hata senti, naomba kuelezwa habari ya fedha za injini.

Shangazi Kulwa, saa 3:16
Doto, jambo lile lilikwisha mbele ya Mzee, na wewe ulikuwapo.

Baba Mdogo Doto, saa 3:17
Nilikuwapo. Daftari ndilo halikuwapo.

Mjomba wa Nansio, saa 3:19
Injini ile haingurumi ziwani, hunguruma humu kikundini.

Babu wa Kisesa, saa 3:42
Nimesomewa yote, na mjukuu anaandika ninayosema. Neema alichora picha ya marehemu bibi yenu tuliyoiweka mbele ya jeneza, akachora na kadi za harusi zenu, wala hakuna aliyemuuliza karatasi na rangi vilinunuliwa kwa fedha za nani. Tangu leo, mtu wa nyumba hii anayetaka kazi ya mkono wake atalipa, na nusu itatangulia kama kwa wageni. Fremu iacheni. Injini tutaizungumza nikiwapo, si kwenye simu.

Mama Bahati, saa 4:25
Tumekusikia, Baba. Neema, niandikie bei ya kadi 100.

Kaka Deus, saa 4:30
Fedha za kishikwambi zitumwe kwa nani?

Shangazi Kulwa, saa 4:31
Kwangu, kama kawaida.

Baba Mdogo Doto, saa 4:31
Kwa Neema mwenyewe.

Dada Rehema, saa 12:50 asubuhi
Samahanini, nilikuwa zamu ya usiku. Kwani Neema amepatwa na nini?

Shangazi Kulwa, saa 1:02 asubuhi
Tafadhali soma kuanzia juu. Waliotuma mpaka sasa ni wawili. Mwenye fremu nimemwomba anisubiri hadi Jumatatu.