Nani hujenga umoja wa Maziwa Makuu: marais au wanaofanya kazi pamoja?

Mwenye hoja, Ibanda, Bukavu: Tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kila kikao cha marais kikivunjika tunasema umoja umekufa. Mimi nakataa. CEPGL, jumuiya ya uchumi ya nchi za Maziwa Makuu, ilitiwa saini Gisenyi tarehe 20 Septemba 1976 na Mobutu wa Zaire (Kongo ya leo), Habyarimana wa Rwanda na Micombero wa Burundi. Haikupita miezi miwili Micombero akapinduliwa; jumuiya ikabaki. Baada ya 1994 vikao vyake vilizimika, lakini SINELAC, kampuni ya nchi tatu hizo inayoendesha bwawa la umeme la Ruzizi II, haikufa. Mto ni mmoja, mitambo ni ile ile, na mafundi wanahitajiana.

Ulaya nayo tunaisimulia kana kwamba Schuman, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, aliamka tu tarehe 9 Mei 1950 akatangaza mpango wa umoja. Tangazo lile liliandaliwa na Jean Monnet, afisa wa serikali ya Ufaransa, na wenzake wachache. Mwaka 1955 Monnet akaunda kamati ya viongozi wa vyama vya siasa na vya wafanyakazi kutoka nchi 6, si ya serikali. Wakubwa wakigombana, hao walikuwa wameshajuana. Walimu wetu, wanasheria wetu, nani anajuana na mwenzake wa Bujumbura?

Kijana wa Kadutu: Papa, kwa heshima, mwaka 1965 de Gaulle, rais wa Ufaransa, aliacha kiti cha nchi yake kitupu kwenye vikao vya jumuiya ya Ulaya huko Brussels hadi Januari iliyofuata. Marafiki wa Monnet hawakuweza kumrudisha kwa kujuana. Na hiyo SINELAC inazidai kampuni za umeme za nchi zetu madeni ya miaka. Tena wanaovusha dhahabu kwa magendo wanajuana sana, pande zote za mpaka. Huo nao ni mtandao!

Mama muuzaji, mpakani Ruzizi ya Kwanza: Sisi wa vikapu tunajuana na wa ng'ambo, tunakopeshana hata. Lakini bariera ikifungwa, nyanya zinaoza mkononi mwangu, na hakuna aliyeniuliza.

Mwenye hoja: Mama, umegusa penyewe. Kijana, la magendo nalikubali, linaniuma: waovu wametutangulia kujipanga. Ndiyo maana nataka wauzaji wa pande zote wawe na kiti pale saa za bariera zinapopangwa. Mafundi wa Ruzizi wana kampuni yao. Mama huyu ana nini?