Mjadala: Kampuni ya magari ya kifahari ikitaka gari la spoti la kweli, ianze na chasi mpya au iazime ya kampuni dada?

Mleta mada
Wakuu, tulijadili hili kwa hoja na namba. Kampuni za kifahari zinarudia kosa lile lile: zinachukua sedani au kupe ya safari ndefu, zinaongeza nguvu za injini, zinashusha springi, zinabandika nembo, kisha tunaambiwa hilo ni gari la spoti. Lexus LC 500 ni gari zuri mno na V8 yake ya lita 5.0 ni raha kuisikiliza, lakini uzito wake unapita kilo 1,900. Hakuna shokapu inayofuta kilo hizo kwenye kona. Msimamo wangu: chasi iwe mpya, na uzito upangwe kabla injini haijachaguliwa. Anayebisha alete mfano.

Mchangiaji wa 2
Mfano huu hapa: Audi R8. Iliingia sokoni 2007 ikitumia msingi wa Lamborghini Gallardo, gari la kampuni dada, fremu ya alumini, injini nyuma ya viti. V8 yake ya lita 4.2 ni ya ukoo mmoja na ile ya Audi RS 4, ila R8 ikapewa sampu kavu, yaani oili inakaa kwenye tangi la pembeni badala ya sampu, bakuli la chini ya injini. Nani anasema R8 si gari la spoti?

Chasi mpya inakula miaka. Lexus LFA ilichukua takriban muongo mzima. Walianza na alumini, wakaiacha katikati ya kazi wakahamia nyuzi za kaboni, hadi wakaunda mashine yao ya kufuma nyuzi hizo. Yakatoka magari 500 tu, kati ya 2010 na 2012, kwa dola 375,000 kila moja. Ni wakurugenzi wangapi wenye subira hiyo?

Mchangiaji wa 3
Kuazima hakuna ubaya, shida ni kinachoongezwa baadaye. Cadillac XLR ilikuja na mwaka wa modeli 2004 juu ya msingi wa Corvette, gari la spoti la kampuni dada Chevrolet, ikiunganishwa Bowling Green, Kentucky, kwao Corvette. Huwezi kuomba mwanzo bora kuliko huo. Kisha wakaweka paa gumu la kujikunja kwa mota, giaboksi otomatiki pekee, na V8 ya Northstar ya nguvu farasi 320. Corvette ya 2005 ikaja na 400, gia sita za mkono, wepesi wa zaidi ya kilo 150, na bei ya chini. Msingi haukuwa na kosa. XLR ilizidiwa na vikorombwezo vyake.

Mchangiaji wa 4
Mnabishania chasi, lakini sedani iliyopewa nguvu ikipelekwa uwanjani hufa kwa oili na breki.

Tuanze na oili. Gari likipiga kona kwa 1 g, yaani nguvu ya pembeni inayolingana na uzito wake, uso wa oili ndani ya sampu unalala kwa nyuzi 45. Mdomo wa pampu unabaki hewani, unavuta povu, presha inaanguka, na beringi za kranki shafti zinakosa ule utando mwembamba unaozitenganisha na chuma. Sekunde chache za hali hiyo, zikijirudia kila mzunguko, zinatosha kuua injini. Kumimina oili kupita kipimo si dawa, maana kranki inaanza kuichapa na povu linazidi. Gari la barabarani linaweza kuokolewa na kuta na vilango ndani ya sampu. La uwanjani linataka sampu kavu: tangi refu jembamba pembeni, na pampu za kunyonya oili chini ya injini na kuirudisha tangini. Faida ya pili ni kwamba injini inakaa chini zaidi. LFA na Mercedes SLS AMG zote zilifanya hivyo.

Breki nazo ni hesabu tupu. Gari la kilo 1,400 kwenye 200 km/h lina nishati ya megajuli 2.2 hivi, la kilo 1,950 lina 3.0. Ukisimama, karibu yote inageuka joto kwenye diski. Watu hukimbilia kalipa kubwa za rangi, wakati kinachoshindwa kwanza mara nyingi ni mafuta ya breki. DOT 4, aina ya mafuta hayo, ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya unyevu, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanika, na pedali inazama hadi sakafuni. Na upepo wa kupoza uelekezwe katikati ya diski, kwenye jicho lake, ili mapezi ya ndani yausukume nje. Ukipuliza upande mmoja, uso mmoja unapoa na mwingine unabaki moto, na hapo diski inapata nyufa.

Mleta mada
Mkuu wa 4, nimekuelewa, ila tofauti ya kilo 550 uliyoitumia kwenye hesabu ya breki ndiyo hoja yangu. Na wa 2, R8 iliazima kwa gari la spoti, si kwa gari la anasa. Tazama kinyume chake: Mercedes-AMG GT ya kwanza, ya 2014, ilikuwa na viti viwili na msingi uliotokana na SLS. Ile ya 2023 inashiriki msingi na SL, gari lao la anasa. Ikapata viti vya nyuma, ikapata magurudumu manne yanayosukuma, uzito ukapanda kwa zaidi ya kilo 300.

Mchangiaji wa 5
Mmesahau bushi, vile vipande vya mpira kwenye viungo vinavyoshika magurudumu. Magari ya anasa yana bushi laini za mpira ili mashimo yasisikike ndani. Ukikanyaga breki kwa nguvu kwenye kona, mpira unajikunja, gurudumu la nyuma linabadili uelekeo kidogo, na dereva anahisi mkia unaogelea. Anza na viungo vya chini vya nyuma: weka mpira mgumu au jointi za chuma. Kelele itaongezeka, na hapo idara ya starehe itakuja juu. Lazima mhandisi mkuu awe na mamlaka ya kuwakatalia.

Mchangiaji wa 2
Hapo kwenye mamlaka nakubali. Kwenye chasi mpya bado sijashawishika. Mleta mada, tutajie kampuni ya kifahari iliyotoa chasi ya gari moja tu, ikaliuza miaka kumi mfululizo bila kuigawana na mwenzake.