Hilux ya mzee imenyanyuka nyuma, nataka kuishusha ikae sawa, naombeni ushauri

mtoto_wa_chumbageni
Wakuu habari za humu. Nipo Tanga mjini, nina Hilux LN85 ya 1993, injini 2L dizeli, inavuta nyuma tu sio foo bai foo. Ilikuwa ya mzee wangu, alipakia machungwa toka Muheza kuja mjini miaka mingi sana, sasa kachoka safari kanikabidhi mimi. Shida yenyewe gari nyuma imenyanyuka kama inataka kupiga mbizi na mbele upande wa dereva umelala kidogo, ukiiangalia kwa mbele unaona kabisa haijakaa sawa, na ikiwa tupu inarukaruka kwenye matuta mpaka kichwa kinagonga juu.

Kilichonileta hapa hasa ni mama. Magoti yanamsumbua, kila wiki mbili nampeleka kliniki na kupanda hii gari kwake ni mtihani, inabidi nimuwekee kigoda halafu nimshike mkono, roho inaniuma. Machungwa sibebi tena, mzigo wangu ni wa kawaida tu, mifuko kumi ya saruji au nazi, tena sio kila siku. Nataka ishuke na ikae levo. Nianzie wapi na gharama isiniue?

dogo_raskazone
Braza hiyo kazi ndogo. Nyuma toa majani mawili ya springi, zile bapa za chuma zilizopangana, mbele legeza tosheni baa, ile springi ya mbele, mpaka ilale, unamaliza asubuhi moja. Ya kwangu nimeshusha inchi tatu inakaa kama imepigwa pasi. Rimu pana ukiweka utanikumbuka

mama_deepsea
Mdogo wangu mimi nina pikapu nachukulia samaki pale Deep Sea mwaka wa sita huu, nakuomba usikimbilie kushusha mpaka chini. Niliwahi kumpa fundi mmoja gari aishushe nyuma, yeye akachukua gesi akachoma springi mpaka ikawa nyekundu ikalala, nikaona mambo safi. Wiki ya tatu tu nimebeba matenga ya samaki na barafu, jani la juu likakatika nikiwa njia ya Pangani, ekseli ikarudi nyuma upande mmoja na tairi likaanza kula bodi. Mungu alisaidia nilikuwa mwendo wa pole. Chuma cha springi kikishachomwa hakina nguvu tena, mtu akikutajia gesi chukua funguo yako uondoke.

Na mama mwekee ngazi ya pembeni, ile bomba ya kukanyagia. Wachomeleaji wanatengeneza vizuri tu, hiyo itamsaidia leo hii kabla hata hujagusa springi.

fundi_mstaafu_ngamiani
Mwanangu, kabla hujafungua boliti hata moja pima kwanza. Macho yanadanganya, na barabara zetu zina mlalo. Tafuta sakafu iliyonyooka, tairi zote ujaze upepo sawasawa, gari iwe tupu, halafu chukua futi pima toka katikati ya tairi kwenda juu mpaka ukingo wa bodi. Usipime toka chini, tairi zilizolika zitakudanganya. Pima pembe zote nne uandike. Kisha lala chini uhesabu majani ya springi za nyuma. Gari iliyobeba machungwa miaka hiyo yote naapa ina majani ya kuongezea. Niletee majibu ndio tuongee.

mtoto_wa_chumbageni
Shikamoo fundi. Nimepimia kwenye sakafu ya godauni la jirani. Nyuma kushoto sentimita 53, nyuma kulia 52 na nusu. Mbele kushoto 45, mbele kulia 43. Majani nyuma yako saba kila upande, na fundi umejuaje, mawili ni manene kuliko wenzake na rangi tofauti, hayafanani hata kidogo. Nimemuuliza mzee kasema aliongezewa zamani, yametoka kwenye lori.

fundi_mstaafu_ngamiani
Marahaba mwanangu. Basi gari yako haihitaji kushushwa, inahitaji kurudishwa kwake. Hayo mawili ya lori ndio yanayoinyanyua na ndio yanayomrusha mama kwenye matuta. Yatoe hayo tu, ya asili yake usiguse. Dogo hapo juu kakwambia toa mawili na ni kweli mawili, ila kuna mtu atasoma hapa ana majani yake ya kiwandani matupu, akitoa mawili siku akipakia saruji springi zinapinduka.

Ukifungua nunua yubolti mpya, zile boliti za umbo la U zinazobana springi na ekseli, za zamani zimeshavutika, na urefu wake ulikuwa wa majani saba, ukizirudisha nati itafika mwisho wa nyuzi kabla haijabana, utadhani umekaza kumbe bado. Senta bolti, ile inayoshika majani pamoja katikati, nayo iwe fupi. Kaza yubolti kwa kuvuka, pembe kwa pembe, kidogo kidogo, na ukishatembea kama kilomita mia rudi ukaze tena. Boliti za bushi na shakli, pale miisho ya springi inaposhikwa kwenye chasisi, usizikaze gari ikiwa juu ya stendi, ishushe isimame kwa uzito wake ndio umalizie, vinginevyo mpira wa bushi unabaki umejisokota na utachanika mapema.

Mbele sasa. Tosheni baa ni chuma kirefu kinachojisokota, hicho ndio springi yako. Ukilegeza ile boliti ya kurekebishia mbele inashuka, ukikaza inapanda. Wengi wanadhani ukilegeza unakilainisha chuma, hapana, ugumu ni uleule, unabadilisha kimo tu. Ukishusha sana mkono unaoshika tairi unalalia mpira wa stopa, ule wa kuuzuia usigonge chasisi, na gari inakuwa ngumu kama mkokoteni. Wewe usishushe mbele kabisa. Kushoto acha, kulia pandisha taratibu mpaka zikaribiane. Piga jeki, weka stendi, tairi ziwe zinaning'inia, paka mafuta kwenye nyuzi usiku wa kuamkia kazi maana zina kutu ya miaka thelathini na hii hewa yetu ya bahari, weka alama ya chaki zilipokuwa, zungusha kidogo, shusha, tembea mtaani upite matuta mawili matatu, ndio upime. Ukipima palepale baada ya jeki utapata namba ya uongo.

Na levo kabisa usiitafute. Pikapu inatakiwa nyuma iwe juu kidogo ikiwa tupu, ndio ukipakia inakaa sawa. Ukiilinganisha tupu, ukibeba saruji taa zako zitaangalia minazi.

dogo_raskazone
Fundi heshima yako. Na bloku za kushushia vipi, watu wanaziuza

fundi_mstaafu_ngamiani
Inategemea ekseli imekaa wapi. Kama springi ipo chini ya ekseli, bloku katikati yao inaishusha gari. Kama springi ipo juu ya ekseli, bloku ileile inainyanyua. Nimeona watu wanapigwa hela hapo. Na ukishusha sana propela, ile shafti inayozungusha ekseli ya nyuma, inabadilisha pembe inaanza kutetema, shokapu za urefu wa zamani zinagota. Kwa mtu anayebeba mzigo simshauri.

mama_deepsea
Fundi hujamwambia ile vavu ya breki.

fundi_mstaafu_ngamiani
Ahsante mama, hilo ni kubwa kuliko yote niliyoandika. Mwanangu, nyuma juu ya difu tafuta vavu imefungwa kwenye chasisi ina kifimbo kimeenda kushika ekseli. Kazi yake kupima mzigo. Nyuma ikiwa juu inajua gari tupu inapunguza breki za nyuma, ikilala inajua kuna mzigo inaongeza. Gari yako ilivyonyanyuliwa miaka yote hiyo vavu imekuwa ikiambiwa gari tupu hata machungwa yakijaa. Na wanaoshusha sana inakuwa kinyume, gari tupu, mvua inanyesha, ukikanyaga breki tairi za nyuma zinajifunga unageuka kuangalia ulikotoka. Ukishamaliza kimo hicho kifimbo kirekebishwe. Angalia pia kama hakijafungwa waya.

mtoto_wa_chumbageni
Sasa nimeelewa kitu kimenisumbua mwaka mzima, pedi za mbele naweka kila mara na viatu vya breki za nyuma bado vizima!! Nimechungulia, kifimbo kipo ila kweli kimefungwa waya. Mzee hakujua na mimi sikujua.

mtoto_wa_chumbageni
Wakuu nimerudi na majibu. Jumamosi tumeifanya na fundi springi huku Makorora, majani ya lori yametoka, yubolti na senta bolti mpya. Nyuma imekuwa 47 kushoto, 46 na nusu kulia. Mbele kulia nimepandisha mara tatu, kidogo kidogo, ikafika 44 na nusu, kushoto ikabaki 45 nikaishia hapo. Usukani ulianza kuvuta kushoto baada ya kugusa tosheni baa, nikaenda kupiga alaimenti, kunyoosha tairi, jamaa akaniambia ningeiacha hivyo tairi zingelika ndani. Mtu asiruke hiyo hatua.

Matuta sasa inapita kama inaelea. Ngazi ya pembeni nimechomelea, ahsante dada yangu wa Deep Sea. Jana mama kapanda mwenyewe, kashika mlango kakaa, akauliza hii ni gari ya nani. Nilishindwa kumjibu.

Yubolti nitarudi kuzikaza Alhamisi, ndio itakuwa imefika hizo kilomita. Vavu ile bomba zake zina kutu nimeogopa kuigusa mwenyewe, fundi breki anakuja Jumatatu, mpaka hapo sipakii kitu na mwendo wangu ni wa pole.

fundi_mstaafu_ngamiani
Vizuri. Akimaliza mwambie atoe upepo kwenye breki zote nne, na vavu yenyewe ina nati yake ya kutolea upepo, wengi wanaisahau.