Mwenzi wa mwanadiplomasia na ajira akiwa Washington

Swali – Mwalimu wa Dodoma
Habari zenu, ndugu zangu. Mume wangu amepangiwa ubalozi wetu Washington, nami ni mwalimu wa hisabati sekondari. Je, nitaruhusiwa kuajiriwa huko, na kinga ya kidiplomasia itakuwaje?

Jibu – Mkazi wa Maryland
Dada, viza ya A-1, ile ya wanadiplomasia na familia zao, peke yake haikupi ruhusa ya kazi. Ombi hupitia ubalozini: fomu I-566 hupelekwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, kisha hufika idara ya uhamiaji pamoja na I-765, fomu ya kuomba kibali cha kazi, na huanzia kwenye swali la kama nchi hizi mbili huruhusiana wenza kufanya kazi. Tafadhali usianze hata kibarua kabla ya kadi ya kibali cha kazi kukufikia.

Jibu – Mstaafu wa Mambo ya Nje
Mwanangu, Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia, ibara ya 31, hauikingi shughuli ya kitaaluma ya binafsi dhidi ya kesi za madai. Na kwa ibara ya 34, kipato kinachopatikana katika nchi mwenyeji hutozwa kodi. Kinga ya jinai hubaki, isipokuwa Serikali yetu iiondoe.

Jibu – Mama Neema
Leseni ya ualimu hutolewa na kila jimbo, hivyo Virginia na Maryland, majirani wa Washington, zina masharti tofauti. Ulizia kabla ya kupanga nyumba. Ombi la likizo bila malipo liandike ungali nyumbani, maana nimeona wenzetu wakipoteza ajira kwa kuondoka na ahadi ya mdomo tu, jambo linaloniuma sana. Vyeti vya watoto vitunze. Wakirudi, NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, ndiyo hulinganisha matokeo ya nje.