MJADALA: Mbwa chotara wa kununua, tuwabane wazalishaji kwa vipimo au tuseme watu wote waende vituo vya kuokoa mbwa?

Wakuu heshima kwenu. Huku Uingereza ninakoishi familia nyingi zetu za Afrika Mashariki zimeanza kufuga mbwa wa ndani, watoto wanalilia, wazazi wanaingia mtandaoni kutafuta, na wanachokutana nacho kwa wingi ni hawa chotara wa makusudi, Cockapoo ambaye ni Cocker Spaniel na Poodle, Cavapoo ambaye ni Cavalier na Poodle, na Labradoodle ambaye ni Labrador na Poodle. Ndugu zangu Waislamu najua suala la mbwa ndani ya nyumba kwenu lina hukumu zake, naliheshimu na silijadili hapa, naongea na wale ambao tayari wameamua kufuga.

Sasa kuna kambi mbili zinavutana. Moja inasema kununua mbwa wakati vituo vya kuokoa mbwa vimejaa ni ukatili, afu kuchanganya mbegu kwa ajili ya kuuza ni tamaa ya hela tu. Nyingine inasema chotara siku zote ni mzima kuliko mbwa wa mbegu moja kwa hiyo nunua popote penye bei nzuri. Msimamo wangu mi ni kwamba kununua sio dhambi, ila anayezalisha chotara abanwe kwa vipimo vilevile anavyobanwa anayezalisha mbegu safi, na mnunuzi asiyedai karatasi za vipimo vya wazazi ndo anayewalisha matapeli.

Hii habari ya "chotara haumwi" imeharibu watu wengi. Mwaka 2024 watafiti wa Royal Veterinary College, chuo cha madaktari wa wanyama cha London, walichapisha utafiti wa mbwa zaidi ya 9,000, wakalinganisha Cockapoo, Cavapoo na Labradoodle na mbegu za wazazi wao kwenye magonjwa 57 ya kawaida, na kwenye asilimia 86.6 ya ulinganisho hawakuona tofauti. Sio kwamba chotara ni wabovu zaidi, hapana, ni kwamba ule uzima wa bure unaotangazwa haupo.

Na sababu ukiifuatilia inaeleweka kabisa. Kuna ugonjwa wa macho, retina inakufa taratibu hadi mbwa anapofuka, vinasaba vyake viko kwenye Poodle wadogo na viko pia kwenye Cocker. Baba anaweza kuwa amebeba kimoja na mama kimoja, wote wawili wanaona vizuri tu, wanarukaruka, mwenye nao anaapa hajawahi kuona shida, lakini kila mtoto wanayemzaa ana nafasi moja kati ya nne ya kurithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama na kuja kuwa kipofu. Kuchanganya mbegu hakujakuokoa hapo kwa sababu mbegu zote mbili zina kasoro ileile! Kinachokuokoa ni kipimo cha DNA, unasugua pamba mdomoni mwa mbwa unapeleka maabara, na mzazi mmoja akiwa safi kabisa hakuna mtoto atakayepofuka kwa ugonjwa huo hata kama mwenzie amebeba. Labrador na Poodle mkubwa nao wote wana historia ya nyonga mbovu, hizo zinapigwa picha ya eksirei na kupewa alama. Cavalier ndo usiseme, valvu za moyo zinawasumbua sana, kwa hiyo anayekuuzia Cavapoo bila ripoti ya moyo wa mama anakuuzia kitu ambacho hata yeye hakijui.

Halafu aleji. Ukiona tangazo linasema "huyu haleti aleji kabisa" ondoka. Labradoodle alipata umaarufu kutokana na kazi ya Wally Conron, mzalishaji wa mbwa wa kuongoza wasioona pale Australia, mwishoni mwa miaka ya 1980, alikuwa anatafuta mbwa wa kumwongoza mama mmoja asiyeona aliyekuwa Hawaii ambaye mume wake alikuwa na aleji ya mbwa. Wakazaliwa watatu, sampuli za nywele na mate zikapelekwa kwa yule mume, na ni mmoja tu aliyemfaa. Mmoja kati ya watatu, uzao uleule! Conron mwenyewe baadaye alisema hadharani anajutia jinsi watu walivyolivamia wazo lake wakazalisha hovyo. Kama nyumbani kuna mtu mwenye aleji basi akakae na mbwa huyohuyo mnayetaka kumchukua, aende zaidi ya mara moja, ndo muamue.

Kuhusu wanaosema sheria inatosha. England tangu Aprili 2020 ni marufuku dalali au duka kuuza mtoto wa mbwa wa chini ya miezi sita, lazima ununue kwa aliyemzalisha na umwone akiwa na mama yake. Inaitwa Sheria ya Lucy, Lucy alikuwa Cavalier aliyeokolewa mwaka 2013 kutoka shamba la kuzalishia mbwa huko Wales, nyonga zimekakamaa na mgongo umepinda kwa miaka ya kufungiwa kizimbani na kuzalishwa mfululizo. Sheria nzuri, naiunga mkono moyoni, ila matapeli wamezoea, wanakukodishia jike amelala sebuleni wanasema ndo mama. Angalia chuchu zake, angalia kama watoto wanamfuata kunyonya, na yeye mwenyewe anawajali au anawakimbia. Na ukiambiwa tukutane kwenye maegesho ya magari nikuletee, kata simu. Kanuni za leseni za wazalishaji zenyewe zinakataza jike kupandishwa kabla ya miezi 12 na kuzaa zaidi ya mara sita maishani, ila hazikutajii kwa majina vipimo vya DNA vya lazima, na hapo ndo mi naona pengo.

Mdau aliyeniuliza pembeni kwa nini nisiende kituoni, jibu ni kwamba tulienda, wakatukatalia kwa sababu ya umri wa mtoto wetu mdogo, na siwalaumu, hawajui historia ya mbwa wale na wanaogopa ajali. Anayeweza kuchukua mbwa wa kituoni achukue, namvulia kofia. Lakini mzalishaji wa kweli hajazi vituo, maana kwenye mkataba anaandika kwamba ukishindwa wakati wowote unamrudishia yeye mbwa wake, na anakuhoji wewe maswali mengi hadi unachoka. Vituo vinapokea wale waliouzwa na mtu ambaye baada ya kupokea hela hapokei simu tena.

Najua kuna watakaosema vipimo vikiwa vya lazima bei itapanda. Itapanda ndio, na mi nakubali ipande, kwa sababu gharama ya macho na moyo ipo tu, sa hivi anailipa mbwa mwenyewe na familia iliyomnunua. Anayepinga aje na hoja, na mlioko Nairobi, Dar na Kampala mnaouziwa watoto wa mbwa barabarani hata chanjo ya parvo, ule ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa, hawana, tuambieni huko mnunuzi anamdai nani karatasi.